Propela ya Charles de Gaulle na suala la vipuri vya manowari za kubeba ndege

Kazi yangu ni mitambo ya kusukuma meli, kwa hiyo ninapoisoma michoro ya manowari ya kubeba ndege siangalii kwanza sitaha wala ndege zake, bali nauliza: kifaa hiki kikivunjika, kingine kitatoka wapi? Jibu huamuliwa tangu meli ingali kwenye karatasi, na meli inayolidhihirisha hilo kuliko zote ni Charles de Gaulle ya Ufaransa.

Mnamo Novemba 2000, ikiwa bado katika majaribio na ikielekea Norfolk, Marekani, manowari hiyo ya takriban tani 42,000 ilivunjika bawa la propela magharibi mwa Atlantiki, ikalazimika kurudi bandari ya Toulon, Ufaransa. Uchunguzi ulibaini kwamba metali ilipomiminwa kwenye kalibu ilibaki na mapovu ndani yake. Kasoro ya namna hii ni ya hatari kwa sababu haionekani kwa macho: kila propela inapozunguka, bawa hupita kwenye maji yaliyotulia na kisha kwenye maji yaliyovurugwa na bodi ya meli, mzigo wake ukipanda na kushuka mamilioni ya mara, hadi ufa unapoanzia kwenye povu na kutambaa kuelekea nje.

Wafaransa walikuwa na propela za akiba, lakini nazo zilikutwa na kasoro hiyo hiyo, na kampuni iliyozitengeneza haikuwepo tena. Ikabidi zifungwe propela zilizotoka kwa manowari za zamani, Clemenceau na Foch. Ziliingia, lakini kuingia si kulingana. Kipenyo cha propela na mpindo wa mabawa yake hukokotolewa kwa kufuata nguvu ya mitambo, kasi ya shafti (mhimili unaoizungusha propela) na umbo la tezi, yaani sehemu ya nyuma, ya meli ile ile. Zikihamishiwa kwenye meli nyingine, shinikizo la maji juu ya mabawa huweza kushuka mno, maji yakageuka mapovu ya mvuke, na mapovu hayo yanapopasuka huleta kelele, mtikisiko na kuila metali. Kwa miaka kadhaa meli iliyokusudiwa kufikia noti 27 (maili za baharini kwa saa) ilibaki kwenye takriban noti 25, hadi ilipopewa propela mpya katika matengenezo makubwa yaliyoanza mwaka 2007.

Linalonivutia zaidi ni kwamba wasanifu wa meli hiyo walikuwa makini kwingineko. Vinu vyake viwili vya nyuklia, K15, ni vya aina iliyomo katika nyambizi za Ufaransa za aina ya Triomphant, na mitambo yake ya mvuke ya kurushia ndege ina asili moja na ile ya manowari za kubeba ndege za Marekani za aina ya Nimitz, ingawa ni mifupi zaidi. Kwa vifaa hivyo kulikuwa na ndugu wa kuazima kwao. Propela haikuwa na ndugu.

Marekani ilijenga meli 10 za Nimitz, ya kwanza ikianza kazi mwaka 1975 na ya mwisho mwaka 2009, na wingi huo pekee ni ghala la vipuri. Kabla yake Enterprise, yenye vinu vinane, ilihudumu kuanzia mwaka 1961 hadi 2012 bila pacha, na baadhi ya vipuri vyake vililazimika kuchongwa upya. Hata Gerald R. Ford, manowari mpya ya Marekani iliyoingia jeshini mwaka 2017, iliwahi kupewa vifaa vilivyotolewa kwenye John F. Kennedy, meli ya aina yake iliyokuwa ingali inajengwa. Uingereza ilijenga mbili, na shafti ya Queen Elizabeth ilipoleta hitilafu mwaka 2024, Prince of Wales ilishika nafasi yake.

Sasa Ufaransa inapanga manowari nyingine kubwa zaidi, inayotarajiwa kuanza kazi mwaka 2038, na itakuwa tena moja tu. Kuchagua mitambo ya sumakuumeme ya kurushia ndege, ya aina iliyofungwa kwenye Ford, naona ni uamuzi wa busara kwa sababu ile ile ya ndugu. Upande wa propela, ningedai mkataba useme kwamba kalibu, michoro na matokeo ya kupima kila bawa kwa mawimbi ya sauti vibaki mikononi mwa serikali, na kwamba propela za akiba zimiminwe na kupimwa kabla meli haijashushwa majini.