Betri haitamkumbusha mzee jina lako

"Daktari, kiwanja tumeshauza. Baba akiwekewa ile betri ya kichwani, haya mambo ya kusahau yataisha."

Mwezi huu nimeyasikia maneno haya mara tatu, na mara ya tatu nilishindwa kuuficha uso. Hapa Kampala kazi yangu ni kupima kumbukumbu na fikra za wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, kabla hawajapanda ndege kwenda India kupasuliwa na kuwekewa hiyo "betri", yaani kifaa kinachopeleka umeme ndani ya ubongo. Shida ni kwamba wananifikia mwisho. Ardhi imeuzwa, michango ya kanisani imekusanywa, tiketi imelipiwa, na mimi nimebaki karani wa kugonga muhuri.

Mzee wa safari hii alikuwa sajini mstaafu, Kiswahili chake kile cha kambini, kimenyooka. Nilimpa karatasi nikamwomba achore uso wa saa, mishale ionyeshe saa tano na dakika kumi. (Wenzangu mliosomea nje, kumbukeni kwamba saa tano yetu mshale mfupi uko kwenye kumi na moja. Nimeona wazee wazima wa akili wakikatwa alama kwa sababu ya kosa la mpimaji.) Alichora duara zuri, mkono ukitetemeka. Namba zote kumi na mbili akazirundika upande wa kulia. Mishale hakuweka. Akaitazama kidogo, kisha akaniuliza hiyo saa ni ya nani.

Binti yake akadakia: "Ni mkono tu daktari, unamsumbua." Hapana. Mkono unaotetemeka huchora saa mbaya yenye namba mahali pake.

Sasa nieleze kwa nini nakasirika. Kifaa hiki hufuata mahali inapofika levodopa, dawa kuu ya Parkinson inayoziba pengo la dopamini, kemikali ya ubongo. Elektrodi, yaani waya mwembamba, huingizwa kwenye sabthalamasi au kwenye globasi palidasi, vituo vidogo vya mzunguko unaoendesha mwendo, na betri ya kifuani hupeleka umeme huko, kwa kawaida mapigo kama 130 kwa sekunde. Ndiyo maana kabla ya upasuaji mgonjwa huja asubuhi bila dawa, anapimwa akiwa amekakamaa, anapewa levodopa, anapimwa tena. Kinacholegea kwa dawa ndicho kitakacholegea kwa umeme. Mtetemeko peke yake ndio huikiuka kanuni hiyo, kwa sababu umeme huweza kuutuliza hata pale dawa iliposhindwa.

Je, umewahi kuona baba akimeza kidonge cha levodopa, na baada ya nusu saa akakumbuka alikoweka funguo? Basi umeme nao hautafanya hivyo. Kusahau kwa Parkinson iliyokomaa kunatokana na protini zilizotapakaa hadi gamba la ubongo, na kemikali nyingine zilizopungua mbali na dopamini. Waya uliowekwa kwenye njia ya mwendo hauna kazi huko.

Tena unaweza kudhuru. Ubongo ambao demensia, yaani kuzorota kwa kumbukumbu na fikra, imeshauingia hauna akiba. Kuchanganyikiwa baada ya upasuaji, ambako kwa wengine huisha kwa siku chache, kwake kunaweza kubaki. Halafu kifaa hurekebishwa kwa kumuuliza mgonjwa mwenyewe: unahisi nini sasa, ulimi unakuwa mzito, mguu unavutwa? Asiyeweza kujibu hayo utamrekebishaje? Kwa sababu hizo demensia huwatoa wagonjwa kwenye orodha, na si roho mbaya ya daktari. Sajini hakwenda. Binti alilia, mimi nikajiona mchawi wa ukoo wao.

Kuna wanaoogopa kinyume chake: eti waya utamfanya mtu zezeta. Hawa nawaelewa zaidi, maana kichwa kutobolewa si jambo dogo. Kwa aliyechaguliwa vizuri, akili kwa ujumla hubaki. Kinachoshuka mara kwa mara ni wepesi wa kuyapata maneno. Mtu aliyekuwa akitaja wanyama ishirini kwa dakika anataja kumi na tano. Nyumbani utamsikia akisema "nipe kile, kile kitu" akimaanisha sufuria. Fundi cherehani mmoja niliyempima kabla na baada alipoteza kiasi hicho, na alipopata nafasi ya kutunga sindano uzi kwa mkono wake mwenyewe alisema maneno ataazima kwa jirani.

Kipimo hicho, kwa njia, kimetungwa kwa Kiingereza na kinatutesa. Ukimwambia Mswahili ataje maneno yanayoanza na K, atakwambia kula, kulala, kulima, kulia, hadi jua litue. Mimi hutumia wanyama, au vitu vya sokoni, kwa lugha anayoitumia kugombana na mkewe. Na jamaa wakae nje. Nimechoka na mabinti wanaonong'ona "ng'ombe, Baba, ng'ombe".

Kuna na mengine ninayoambiwa na jamaa. "Akizima mashine maneno yatarudi." Si rahisi hivyo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2009, uliolinganisha vituo viwili vya ubongo, uliwakuta waliowekewa waya kwenye sabthalamasi wakiwa bado wamepungukiwa maneno hata umeme ukiwa umezimwa. Inaelekea njia yenyewe waliyopita wapasuaji ina mchango wake.

"Mashine ilimgeuza mume wangu mcheza kamari." Kwanza nionyeshe dawa zake. Pramipeksoli na jamaa zake, dawa za Parkinson zinazoiga dopamini, zimewapeleka wengi kwenye vibanda vya kubeti kabla hata hawajaisikia India. Ni kweli umeme kwenye sabthalamasi unaweza kumfanya mtu aamue kwa pupa, hivyo fedha za nyumba zishikwe na mwingine kwa miezi ya mwanzo. Yule aliyekaa tu, hataki redio wala wajukuu, mara nyingi ni dawa zilizopunguzwa haraka mno baada ya upasuaji. Mwambieni daktari, msisubiri.

"Ni ya wazee walioshindikana." Ndivyo tunavyoupoteza wakati. Mwaka 2013 Wajerumani na Wafaransa walichapisha matokeo ya wagonjwa 251 waliougua kwa wastani wa miaka saba na nusu, umri wao wastani 52, na waliowekewa kifaa waliishi vizuri kuliko waliobaki na dawa pekee. Ila ugonjwa wenyewe haukusimama, na kifaa hakiusimamishi kwa mtu yeyote.

Na obuko? Kwamba mzee anatetemeka kwa sababu alivunja mwiko wa mama mkwe? Nina wagonjwa ambao mama mkwe alikufa kabla hawajaoa.

Kwa mwenye nia ya kwenda: njoo kwangu kabla ya kuita dalali wa ardhi. Mlete mgonjwa asubuhi, awe amelala vizuri usiku, dawa zake kwenye mfuko wake wa plastiki, miwani yake, na mtu mmoja tu wa kumsindikiza, asiyependa kujibu maswali ya wengine. Na hesabuni tiketi zaidi ya moja, maana umeme hurekebishwa mara kadhaa katika miezi ya kwanza, na betri isiyochajiwa hubadilishwa baada ya miaka mitatu hadi mitano.