Haijatitia, imesogea

Nimelisikia tena neno hilo wiki hii. Shimo lenye kina kirefu linachimbwa, nyumba ya jirani imeota nyufa, na bwana mmoja mwenye kofia ngumu anatamka kwa uhakika kwamba "ardhi imetitia". Mwenzake anamsahihisha: haijatitia, inaporomoka. Wote wawili wamekosea, na kosa la wa kwanza ndilo linaloniudhi zaidi kwa sababu linafanana na ukweli.

Dhana yenyewe si ngumu. Ukichimba, unaondoa udongo uliokuwa ukiushikilia udongo wa ubavuni. Unaobaki unahamia kwenye nafasi iliyoachwa, ukiusukuma ukuta uliowekwa kuuzuia. Huo ndio msogeo wa ardhi na ukuta. Katika udongo laini hakuna ukuta usiosogea, hata uwe mnene namna gani. Tofauti ni kiasi tu.

Sasa neno. Kutitia ni kwenda chini kwa kulemewa. Mguu hutitia matopeni. Ghala jipya hutitia juu ya mfinyanzi laini kwa sababu uzito wake unayakamua maji ya udongo, mwezi baada ya mwezi. Lazima pawe na mzigo juu na kitu kinachobanwa chini yake. Kando ya shimo, nani ameongeza mzigo? Nyumba ya jirani ina uzito uleule iliokuwa nao jana na juzi. Ilichopoteza ni egemeo la ubavuni. Ardhi ilikwenda kando kwanza, kisha ikashuka.

Mfinyanzi uliojaa maji haupungui ujazo ndani ya siku chache, kwa kuwa maji yake hayajapata muda wa kutoka. Kwa hiyo ukuta ukipinda kuelekea shimoni, ujazo ulioingia ndani unakaribia kuwa sawa na ujazo wa bonde linalojitokeza juu ya ardhi nyuma yake. Bonde hilo nalo lina tabia zake. Kabla ya mihimili ya kuukaza ukuta kuwekwa, ukuta huinama kwa kichwa na ardhi hushuka zaidi pale pale unapogusana nayo. Mihimili ikishawekwa juu, ukuta hutoa tumbo chini, karibu na sakafu ya shimo, na sehemu inayoshuka zaidi inaweza kuwa mita kadhaa nyuma. Ndiyo maana nyumba iliyo mbali kidogo wakati mwingine hupasuka kabla ya ile iliyopakana na shimo, na watu wanaanza kumtafuta mchawi.

Sakafu yenyewe huumuka kama unga uliotiwa hamira, kwa sababu uzito wa udongo ulioko nyuma ya ukuta unausukuma ule wa chini upite chini ya ukuta na kuibukia ndani. Mhandisi wa udongo Karl Terzaghi alishaandika namna ya kuikagua hatari hiyo mwaka 1943. Mwaka 1969, kwenye mkutano wa wahandisi wa udongo huko Mexico, Ralph Peck, mhandisi mwenzake, alikusanya vipimo vya mashimo mengi: katika mfinyanzi laini sana, ardhi ilishuka kati ya asilimia 1 na 2 ya kina cha shimo, wakati mwingine zaidi, na athari ilifika umbali wa mara 2 hadi 4 ya kina hicho. Kwa shimo la mita 10, hiyo ni sentimita 10 hadi 20. Kuta za siku hizi ni ngumu zaidi na hupunguza sana kiasi hicho.

Kuporomoka ni jambo jingine kabisa. Waandishi wa uchumi hawalichanganyi: sarafu hudidimia kwa miezi, bei huporomoka kwa siku moja. Shimo la reli ya chini ya ardhi kando ya Nicoll Highway, Singapore, liliporomoka tarehe 20 Aprili 2004 na kuua watu wanne. Kabla ya hapo ukuta ulikuwa umesogea kuliko wasanifu walivyokadiria. Msogeo ulitangulia, ukapimwa, na ulikuwa na la kusema.

Nakiri kwamba kutitia kuna mahali pake hata hapa. Uchimbaji ukiyashusha maji ya ardhini, mfinyanzi wa jirani unabeba uzito ambao awali ulibebwa na maji, nao unabanwa taratibu kwa miezi au miaka. Huko ni kutitia kweli, na wala hakuhitaji ukuta kupinda.

Lakini anayesema "imetitia" kwa kila ufa hupima usawa wa barabara peke yake, kwa kuwa neno lake linamwelekeza chini. Basi, bwana wangu mwenye kofia, kabla ya kulitamka tena, soma kwanza inklinometa, kile kifaa kinachopima mwinamo wa bomba lililozikwa ukutani: ukuta umeingia ndani milimita ngapi, na kwenye kina kipi?