Unatumia ARV na jino linauma? Usikubali kuwekwa mwisho wa foleni

“Njoo jioni, tukishamaliza hawa wengine.” Hapa Kisumu nimesimuliwa maneno hayo na zaidi ya mgonjwa mmoja aliyeenda kung’olewa jino akasema wazi kwamba anatumia ARV, dawa za kudhibiti virusi vya ukimwi (VVU). Mwingine haambiwi neno. Anakaa tu kwenye benchi huku waliomkuta wakiingia na kutoka. Mwishowe anarudi nyumbani na punje ya karafuu kwenye jino, na safari nyingine hamwambii mtu hali yake.

Sisi madaktari wa meno tunafaa kuona haya. Kumweka mgonjwa mwisho ni kukiri kwamba huviamini vyombo vyako mwenyewe. Baada ya kila mgonjwa, awe nani, koleo na vioo huoshwa, hufungwa, kisha huingizwa kwenye mashine ya mvuke wenye joto la nyuzi 121 au zaidi. Mvuke huo huua hata virusi vya homa ya ini aina ya B, ambavyo ni sugu kuliko VVU na huambukiza kwa wepesi zaidi. Glavu na sindano hutupwa. Na kwenye benchi hilohilo huenda pameketi mtu ambaye hajawahi kupimwa. Yeye tutamwekaje mwisho? Mhudumu akijidunga kwa bahati mbaya, dawa za kinga zipo: zianzwe ndani ya saa 72 na kumezwa siku 28.

Sheria nayo iko wazi. Tangu ile ya mwaka wa 2006 kuhusu kuzuia na kudhibiti VVU, hakuna kituo cha afya nchini Kenya kinachoruhusiwa kukunyima huduma, wala kukutoza ada ya juu, kwa sababu tu una virusi au unashukiwa kuwa navyo. Sheria hiyo iliunda pia jopo la kusikiliza malalamiko ya aina hii.

Usingoje jino liume ndipo uje. Mara nyingi kinywa hutoa habari mapema. Utando mweupe ambao ukikwanguliwa hutoka na kuacha wekundu ni fangasi, na una dawa. Lakini ukimtokea mtu aliyemeza ARV kwa miaka, mimi humrudisha kliniki yake akapimwe kiwango cha virusi, maana huenda dawa zinarukwa au hazifanyi kazi tena. Fizi zinazooza katikati ya meno na kunuka, au doa la zambarau kwenye kaakaa, si mambo ya kusubiri mwisho wa mwezi.

Kuna pia ukavu wa kinywa, ambao wengi huupuuza. Mate yakipungua, meno huoza shingoni, pale karibu na fizi. Na tunajua watu huutibu vipi ukavu huo: soda baridi na peremende! Hapo unayalisha meno sukari mchana kutwa. Kunywa maji kidogo kidogo, na upige mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floraidi.

Je, ni lazima umwambie daktari wa meno? Ni siri yako, ila mimi ningependa kujua, kwa sababu ya figo zako. Tembe ambayo wengi humeza siku hizi ina tenofovir. Diklofenaki, ile dawa ya maumivu tunayoandika sana baada ya kung’oa jino, ikitumiwa kwa wingi au kwa siku nyingi pamoja na tenofovir inaweza kuziumiza figo. Nikijua, nitakupa paracetamol, au nipunguze siku.

Usiseme pale dirishani, karani anapouliza shida yako huku foleni nzima imetega masikio. Ngoja uketi kwenye kiti, mlango ufungwe. Ukiona ulimi mzito, niwekee tu kopo la dawa zako mezani, nitasoma mwenyewe.