Mrejesho katika kikundi cha waandishi ni nini?

Mrejesho ni maelezo anayopewa mwandishi na wasomaji wake wa kwanza kuhusu kazi ambayo bado inaandikwa: wapi walifurahi, wapi walichoka, wapi walipotea. Kitabu kilichokwisha chapwa huandikiwa tahakiki. Mrejesho huja mapema, kalamu ingali mkononi. Sifa nazo ni kando. "Mashallah, umeandika vizuri" ni neno jema, ila mwandishi akifika nyumbani halimwambii afute nini.

Lamu ina desturi kongwe ya mtu kulijibu shairi la mwenziwe. Mwanzoni mwa karne ya 19, Amu, yaani Lamu yenyewe, ilipokuwa na uhasama na Mombasa, Bwana Zahidi Mngumi alijibizana kwa beti na washairi wa huko, akiwemo Muyaka bin Haji. Lakini yale yalikuwa malumbano, na mlumbi hutafuta kushinda. Mtoa mrejesho hana ushindi wa kuutafuta.

Tuchukue kikundi kinachokutana barazani baada ya Isha. Kijana ameleta ubeti unaoanza hivi: "Upepo umeshatulia, majahazi yarejea." Akiusoma mwenyewe hausikii ulipozidi, maana sauti yake huimeza silabi ya ziada. Ndiyo maana ni bora asome mtu mwingine. Huyo ulimi wake unajikwaa palepale kwenye ukwapi, kipande cha kwanza cha mshororo. Wakihesabu, mizani, yaani idadi ya silabi, ni 9 badala ya 8. Mrejesho unatosha hapo: "Ukwapi umezidi." Aondoe "sha" ibaki "umetulia", au aupindue mshororo mzima, ni shauri lake. Anayesema "mimi ningeanza na bahari" ameshaanza kutunga shairi lake mwenyewe.

Muda wote huo mwenye kazi hunyamaza, na kwa maoni yangu hapo ndipo pagumu kuliko pote. Akianza kueleza alichokusudia, wenzake watayahukumu maelezo, na msomaji wa Faza au Malindi hatayapata maelezo hayo.

Kisha kuna suala la umri. Kijana wa Lamu hamwambii mzee "hapa umekosea". Humwambia, "Mwalimu, hapa nimepotea kidogo," na mzee akaelewa. Tatizo ni heshima inapozidi hadi watu wakanyamaza, mzee akaondoka na hadithi yenye kurasa mbili za bure. Dawa iko mikononi mwa mzee mwenyewe: aulize jambo mahususi kabla hajasomewa. "Nitazamieni mwisho, umekuja mapema?" Swali kama hilo hujibiwa bila mtu kuvunjiwa adabu.

Na mrejesho unaweza kukataliwa. Mgeni akishauri "mato" ya Kiamu yawe "macho", mshairi ana haki ya kubaki na "mato" yake, hasa kina chake, silabi ya mwisho inayorudiwa, kikiwa ni -to. Ila wasomaji watatu wakijikwaa mahali pamoja, pana kasoro hapo, hata kama kila mmoja ametoa sababu yake na zote tatu si sahihi.