Dawa za Madini, Metali na Vito: Dhana Potofu na Ukweli

Zebaki, dhahabu, risasi, shaba, kiberiti upele, lulu iliyosagwa, zumaridi: vyote hivi watu wamevimeza, wamejipaka au wamevivaa kama dawa tangu enzi na enzi. Baadhi vimethibitika kuwa tiba. Vingine vimeua. Kinachonisikitisha ni kuona watu wakivipima kwa mambo yasiyohusika kabisa, kama vile ni vya asili au vya kiwandani, vya kale au vya leo. Maswali yenye uzito ni haya: ni kampaundi gani (yaani metali imeungana na nini), kiasi gani, na inaingia mwilini kwa njia gani?

Dhana: Kilichotoka ardhini ni cha asili, hakidhuru.

Risasi nayo imetoka ardhini. Aseniki, sumu nyingine, vilevile. Qin Shi Huang, mfalme wa China aliyefariki mwaka 210 kabla ya Kristo, aliisaka dawa ya kutokufa kwa miaka mingi, na masimulizi mengi yanasema alikuwa akimeza vidonge vyenye zebaki.

Dhana: Ukiichoma metali mara nyingi, sumu yake huisha.

Imani hii ina mizizi mirefu, hasa katika rasashastra, tawi la tiba ya Ayurveda ya India. Metali huchanganywa na utomvu wa mimea, hufungiwa ndani ya vyungu vya udongo, huchomwa, husagwa, kisha huchomwa tena na tena mpaka ibaki majivu laini yanayoitwa bhasma. Ni kazi ya ufundi na subira kubwa, na anayeifanya kwa moyo safi anaamini kweli kwamba anaitakasa.

Lakini risasi ni elementi, yaani kitu cha msingi. Moto unaweza kuiunganisha na oksijeni au salfa (ndiyo kiberiti upele), ila hauwezi kuigeuza ikawa kitu kingine. Ni kweli kampaundi hutofautiana: zebaki iliyoungana na salfa hufyonzwa tumboni kwa kiasi kidogo sana kuliko chumvi nyingine za zebaki. Tofauti hiyo, hata hivyo, hutegemea kama kazi ilikamilika, na kwa macho huwezi kujua. Unga ni unga.

Mwaka 2008, mtafiti Robert Saper na wenzake walichapisha matokeo ya kupima dawa 193 za Ayurveda zilizonunuliwa kwenye intaneti. Takriban moja kati ya kila tano ilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Kwa zile za rasashastra ilikuwa kama mbili kati ya tano. Zilizotengenezwa Marekani hazikuwa na nafuu yoyote ya maana kuliko za India, na hata miongoni mwa dawa zisizo za rasashastra zilikuwamo zenye metali hizo.

Dhana: Ingekuwa sumu, mtu angeumwa siku hiyohiyo.

Risasi haina haraka. Mwili huichukulia kama kalsiamu, madini ya mifupa, ikaenda kukaa kwenye mifupa kwa miaka mingi. Mwanamke akishika mimba, mifupa huachia kalsiamu kwa ajili ya mtoto, na risasi nayo hutoka ikapita kwenye kondo la nyuma. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Dalili zake ndizo hasa hupotosha: tumbo kunyonga, choo kigumu, uchovu, kichwa kuuma, upungufu wa damu. Hayo ni maradhi ambayo watu huyatafutia dawa, kwa hiyo mgonjwa huongeza dozi ya kilekile kinachomdhuru. Wanja uliosagwa kutokana na jiwe la galena, ambalo ni risasi na salfa, hufanya kazi hiyo kimyakimya: mtoto hupakwa, hujifikicha macho, kisha hutia vidole mdomoni. Na mtoto hufyonza risasi kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko mtu mzima.

Dhana: Basi dawa zote za madini ni upuuzi.

Hapana, na wanaosema hivyo wanakosea sawasawa na wale wengine. Katika miaka ya 1970, daktari Zhang Tingdong na wenzake huko Harbin, China, walianza kuchunguza dawa ya kienyeji yenye aseniki. Kilichopatikana humo, aseniki trioksidi, leo ni tiba ya aina moja kali ya saratani ya damu, na Marekani iliidhinisha mwaka 2000. Sumu ileile! Ila hutolewa kwa mshipa, kwa kipimo kamili, na mapigo ya moyo yakifuatiliwa kwa mashine. Lithiamu, metali nyingine, ambayo daktari John Cade aliwajaribia wagonjwa wa akili huko Australia na kutoa taarifa mwaka 1949, bado inatumika, na damu ya mgonjwa hupimwa mara kwa mara kwa sababu dozi ya tiba na dozi ya sumu zimekaribiana.

Kiberiti upele katika marhamu hutibu upele. Chumvi ya haluli huendesha tumbo kweli. Bariamu salfeti hunywewa na mgonjwa kabla ya picha ya eksirei na hutoka ilivyoingia, wakati bariamu kaboneti imetumika kuulia panya.

Dhana: Bangili ya shaba hutibu baridi yabisi.

Jaribio lililoongozwa na Stewart Richmond wa York, Uingereza, lililochapishwa mwaka 2013, lilihusisha wagonjwa 70. Bangili haikuwasaidia.

Dhana: Kito kina nguvu yake, ukikivaa au ukikiloweka.

Zamani iliaminika kwamba nyoka akiona zumaridi hupofuka. Al-Biruni, mwanazuoni wa karne ya 11, alimvika nyoka mkufu wa zumaridi, akamtandazia nyingine kikapuni, akangoja miezi 9. Nyoka aliendelea kuona.

Kuvaa kito hakuna ubaya. Kukiloweka na kunywa maji yake ni jambo jingine, maana baadhi ya mawe mazuri ya rangi yana shaba, aseniki au zebaki.

Dhana: Daktari hana haja ya kujua kwamba unatumia dawa hizi.

Anayo, na sana. Risasi hujulikana kwa kipimo cha damu, lakini hakuna atakayekiagiza bila kuwa na sababu ya kuishuku. Nenda na dawa yenyewe, na pakiti yake kama ipo. Hatua ya kwanza ni kuacha kuitumia. Kiwango kikiwa juu, zipo dawa zinazoshikana na metali na kuitoa kwa mkojo, nazo hutolewa chini ya uangalizi wa daktari.