Arts and Crafts: maana ya mtindo huu na maonyesho yake

Arts and Crafts ni vuguvugu la sanaa na ufundi lililozuka Uingereza katika nusu ya pili ya karne ya 19, kisha likavuka bahari hadi Marekani. Limeacha mtindo wa fanicha ambao wapenzi wake mpaka leo hukusanyika kuutazama, kuujadili na kuununua. Ukikuta kiti kizito cha mbao za mwaloni, cha mistari iliyonyooka, kisicho na nakshi za kubandikwa na ambacho viungo vyake vimeachwa wazi vionekane, yaelekea ni cha mtindo huo.

Vuguvugu lilianza kwa hasira. Viwanda vilikuwa vikimwaga sokoni vyombo vya nyumbani vilivyojaa mapambo ya mashine, huku mfanyakazi akirudia hatua ileile kutwa nzima. John Ruskin, mhakiki wa sanaa wa Uingereza, aliandika kwamba kazi ya namna hiyo inamshusha mtu utu wake. Mbunifu William Morris akaichukua hoja hiyo na kuifanyia kazi: mwaka 1861 yeye na wenzake walianzisha kampuni iliyotengeneza fanicha, vioo vya rangi, vitambaa na baadaye karatasi za ukutani. Morris alikuwa msoshalisti, na alitamani kila nyumba iwe na vitu vizuri. Lakini kazi ya mkono huchukua muda, na muda ni pesa, hivyo wanunuzi wake wengi walikuwa matajiri. Kwangu mimi, huo ndio udhaifu mkubwa wa vuguvugu zima, na hauondoi uzito wa swali lililoulizwa: aliyetengeneza kitu hiki aliishi vipi alipokuwa akikitengeneza?

Maonyesho hayakuja baadaye kama nyongeza. Jina la Arts and Crafts lilienea kupitia chama cha maonyesho kilichoundwa London mwaka 1887, ambacho mwaka uliofuata kilifungua maonyesho yake ya kwanza New Gallery, mtaa wa Regent, mwenyekiti wake akiwa msanii Walter Crane. Chama kilitaka kila kitu kitajwe pamoja na jina la aliyekibuni na la fundi aliyekitengeneza. Siku hizi jambo hilo laonekana dogo, ila wakati ule seremala alikuwa hatajwi popote. Mwaka 1897 Boston nayo ikaandaa maonyesho yake katika ukumbi wa Copley, na Marekani ikaingia rasmi.

Huko, mtu aliyevuma zaidi katika fanicha ni Gustav Stickley wa jimbo la New York, aliyechapisha jarida la The Craftsman kuanzia 1901 hadi 1916. Yeye hakuona haya kutumia mashine kukata na kuranda. Alichokataa ni mashine kumtawala fundi. Mwaloni wake ulipasuliwa kuelekea kiini cha gogo, kwa sababu mpasuo huo hufichua mabaka yanayong'aa, nao ubao haupindi ovyo. Ulimi wa ubao mmoja hupenya tundu la mwingine mpaka hutokeza upande wa pili, ukafungwa kwa kigingi. Rangi nayo haikupakwa tu: fanicha ilifungiwa ndani ya chumba chenye mvuke wa amonia, mvuke ukakutana na tanini, kemikali ya asili iliyomo kwenye mwaloni, na mbao zikageuka kahawia kutoka ndani.

Leo mkusanyiko mashuhuri wa wapenzi wa mtindo huu hufanyika mwezi Februari katika hoteli ya Grove Park Inn, Asheville, North Carolina. Ulianzishwa na Bruce Johnson mwaka 1988, miaka 100 kamili baada ya maonyesho ya kwanza ya London. Mahali penyewe pamestahili. Hoteli ilifunguliwa mwaka 1913, imejengwa kwa mawe makubwa ya mlimani, na taa zake za shaba na sehemu ya fanicha zilitoka kwa mafundi wa Roycroft, jumuiya aliyoianzisha Elbert Hubbard huko East Aurora, jimbo la New York. Wafanyabiashara wa vitu vya kale huleta mali yao, mafundi walio hai huleta kazi mpya, na kuna mihadhara ya kufundisha kutofautisha kitu halisi na cha kuiga.

Mguu wa meza au kiti hufundisha mengi. Mwaloni uliopasuliwa kuelekea kiini cha gogo huonyesha mabaka kwenye pande mbili tu zinazotazamana, basi mguu wenye mabaka pande zote nne una kazi ya ziada ndani yake. Gustav Stickley alibandika ubao mwembamba kuziba pande mbili zilizokosa mabaka. Ndugu zake Leopold na John George, waliokuwa na karakana yao Fayetteville, jimbo la New York, waliunganisha vipande vinne kuzunguka kiini kidogo. Pindua kiti, tazama ncha ya mguu: mistari ya maungio hayo mara nyingi huonekana kwa macho.