Kigae cha kijivu kutoka Ipswich

Watu wakisikia nashughulika na akiolojia ya Waanglo-Saksoni, watu wa Uingereza ya zama za kati za mwanzo, huniuliza habari za dhahabu ya Sutton Hoo, kaburi maarufu la mashariki mwa nchi hiyo. Nzuri, sikatai, ila ilizikwa pamoja na mkubwa mmoja, na vitu vya namna ile vilitembea kwa zawadi na ushuru kuliko kwa kuuzwa. Kwa biashara ya mkoa na mkoa, nipe kigae cha kijivu, kipande cha chungu kilichovunjika, ambacho wewe ungekipiga teke.

Mjini Ipswich, mashariki mwa Uingereza, wafinyanzi walichoma vyombo vilivyotoa vigae hivyo kwenye majoko kati ya mwaka 720 hivi na 850. Walitumia gurudumu la kuzungushwa polepole kwa mkono, wakati kwingi nchini watu walikuwa bado wanafinyanga bila gurudumu lolote. Ndani ya ufalme wa East Anglia, karibu kila kijiji cha wakati huo tunachochimba kina vigae vyake. Ukitoka nje ya ufalme, mambo hubadilika. Vipo London, vipo Kent, vipo hata Yorkshire, lakini kwa uchache, mara nyingi penye bandari, monasteri au makazi ya wakubwa, na mitungi mikubwa huwa mingi kuliko ilivyo kwao. Nashawishika kwamba huko mbali hakuna aliyenunua mtungi, alinunua kilichokuwamo.

Asili ya chombo tunaisoma kwa kusugua kipande cha kigae hadi unene wa milimita 0.03, mwanga upenye, tukague chembe za mawe kwa hadubini. Lakini chembe nazo hudanganya. Vyombo vya karne ya 5 hadi ya 8 vyenye chembe za mwamba wa Charnwood, Leicestershire, vimetapakaa Midlands, eneo la katikati ya Uingereza, na wengi wetu tukasema: biashara! Kumbe barafu ya kale ilisukuma mawe ya huko kuelekea kusini, na mfinyanzi angeweza kuyaokota shambani kwake. Siku hizi sikubali mpaka udongo wenyewe nao utoe ushahidi.

Mawe ya kusagia ya volkano kutoka Mayen, Ujerumani, hayana utata huo. Kipande kikiibuka kijijini, mbali na bahari, kuna aliyekibeba kutoka pwani.

Kinachonikera ni chumvi. Kule Droitwich, mji wa Uingereza, tumepata meko ya karne ya 6 na 7 ya kuchemshia maji ya chemchemi za chumvi. Meko yapo, chumvi yenyewe iliingia kwenye nyama, ikaliwa, bila kuacha alama ya ilikokwenda.